Kitu cha Nne Ndani ya Kopo

Niliichemsha nyama ile tangu asubuhi, umande ukiwa bado majanini, hadi jua likasimama utosini, na haikubadilika rangi. Ilitoka koponi nyekundu, ikakaa chunguni nyekundu. Maji yalitoa mafuta na chumvi nyingi, lakini nyama yenyewe ilikuwa na wekundu uleule wa kidonda kinachoanza kupona. Sisi tulijua nyama za namna tatu. Nyekundu ni mbichi, ya kahawia imeiva, nyeusi imekaushwa juu ya moshi. Nyama iliyoiva ikabaki nyekundu hatukuwa nayo, wala hatukuwa na mahali pa kuiweka kichwani.

Nieleze nilivyofika kwenye chungu hicho. Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado yuko bomani, na vijana wetu walikuwa wakivuka mpaka pale Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Mimi ni Mndali wa milima ya Ileje, upande wa Isongole, na nilikuwa nimeolewa chini huku Ndalambo kwa Wanamwanga, katika nyumba ya watu waliosali Jumapili na kushika miiko siku zote saba. Niliishi uani kwa wakwe, nikilima shamba lao na kungoja habari za mume kutoka kwa wapita njia.

Nilikuwa na binti mmoja. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta wakati mimba ya pili ilipoingia, mapema kuliko ilivyopasa. Mama mjamzito hanyonyeshi, ndivyo tulivyofundishwa, kwa kuwa maziwa yake yamekwisha kuwa ya mwingine. Nikamwachisha. Akala uji wa ulezi, akala ugali na mlenda. Baada ya muda miguu yake ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Mashavu yakajaa, na wageni wakaja wakasifu kwamba mtoto amenenepa, nami nikitamani kuwatwanga kwa mchi. Ngozi ya mapaja ikaanza kubabuka. Nywele zikawa nyepesi na kugeuka rangi ya kutu, nami nikazifunika kwa kitambaa kwa sababu sikutaka kuulizwa. Lakini kilichonitisha kuliko yote ni kwamba aliacha kulia. Alikaa pale alipowekwa, kuku wakapita mbele yake, na hakugeuza hata shingo kuwafuata.

Nikampeleka kwenye zahanati ya misheni. Msaidizi wa dawa alimbonyeza miguu, akamtazama nywele, akasema hakuna dawa ya chupa kwa ugonjwa huo. Mtoto anataka nyama, maziwa na mayai, na anavitaka mapema. Alisema kwa urahisi kabisa, utadhani ananiagiza nikachote maji kisimani. Ng'ombe wetu walikuwa wamekufa kwa maradhi mwaka uliotangulia na zizi lilikuwa limeota magugu. Mayai watoto hawakupewa, maana mtoto akila yai huchelewa kusema, na kuku wote walikuwa wa mama mkwe, aliyewajua mmoja mmoja. Nilitwanga karanga nikamtilia kwenye uji, tumbo likamwendesha hadi nikaogopa. Nilikuwa nimefika mwisho wa akili yangu. Nikamtumia mume wangu habari kwa mdomo wa watu waliokuwa wakivuka mpaka, kwamba mtoto wake anaisha.

Jibu lilikuja na jirani aliyekuwa anarudi nyumbani. Alibeba sanduku la mbao, na ndani yake mlikuwa na makopo ya nyama, mapana chini na membamba juu, kila moja limeviringishwa karatasi yenye maandishi. Mume wangu alisema tu kwamba huko ndiyo mboga yao, nimpe mtoto, nisimpe mtu mwingine. Jirani akanionyesha namna ya kulifungua kwa ufunguo mdogo, unashika ulimi wa bati na kuuzungusha hadi kopo linakatika kiuno. Ndani nyama ilikuwa imekaa kama tofali, na mafuta meupe pembeni. Harufu yake ilinipanda puani. Niliiponda na ugali, nikamlisha kwa kidole.

Alikula. Kesho yake akala tena. Siku zikapita hivyo, mimi nikimlisha ndani ya nyumba yangu mlango ukiwa umerudishwa, hadi asubuhi moja nilichelewa kumpa akalia. Alilia kwa hasira, machozi yanatiririka, ngumi zimekunjwa. Nilikaa chini nikacheka peke yangu hadi nikashika mbavu. Sijasikia muziki uliowahi kunipendeza kuliko kilio kile.

Labda furaha ndiyo iliyonisahaulisha. Siku hiyo niliweka chungu nje, hadharani, niichemshe nyama vizuri maana nilikuwa bado na wasiwasi na wekundu wake. Ndipo mama mkwe alipokuja akainama juu ya chungu.

Katika nyumba ile nyama haikuingia tu na kuliwa. Iligawanywa, na mgawaji alikuwa yeye. Kidari kilikuwa cha baba mkwe, mgongo wa fulani, maini ya fulani, na kila mtu alijua kipande chake kama anavyojua mahali pake pa kulala. Tena ukoo wao haukula pongo, yule mnyama wa porini mwenye madoa meupe. Aliyekula pongo, hata kwa kutojua, aliharibikiwa ngozi ikamtoka madoa na nywele zikageuka rangi. Kwa hiyo kabla ya kisu kugusa nyama yoyote, lilikuwapo swali la kuuliza, na mama mkwe aliniuliza hilohilo.

"Ni mnyama gani huyu, na ni sehemu gani ya mwili wake?"

Nilimwonyesha kopo. Akaligeuza huku na huku, akatazama ndani, akaniuliza mfupa uko wapi, ngozi iko wapi, kwato ziko wapi, mtu atajuaje. Kisha akataka aletewe mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze alimvua kile kitambaa kichwani, akaziona nywele. Akakisogeza kichwa karibu na nyama, akalinganisha. Hakupiga kelele. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinivunja nguvu, kwa sababu mtu anayekuhurumia huwezi kugombana naye.

Nilimwambia kwamba nywele ziligeuka kabla makopo hayajafika. Nani angenisadiki, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimezificha? Jirani aliyeleta sanduku naye alikuwa ameanza kusimulia mambo ya migodini. Watu huko walisema kuna wanyama wa miguu miwili wanaokamatwa njiani wakapotea, na baada yao makopo huongezeka madukani. Alikuwa amekula makopo hayohayo miaka yote aliyokaa huko na shingo yake ilikuwa nene. Lakini hadithi tamu huikati katikati. Kabla ya jioni sanduku lote lilikuwa limehamishiwa nyumbani kwa baba mkwe, ufunguo nao ukaenda.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya baba mkwe. Kwetu Undali mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, haingii nyumbani mwake, hapiti njia anayoipita. Akimsikia anakuja hujitupa kando vichakani hata kama ana mtungi kichwani. Wanamwanga si wakali kiasi hicho. Lakini nilikuja na desturi yangu kutoka milimani, na wao waliipenda wakanisifia kwamba nimelelewa. Kwa miaka yangu yote pale nilikuwa nimeuona mgongo wa baba mkwe tu. Na nyumba yake, yenye sanduku langu ndani, ilikuwa karibu na yangu kiasi kwamba nilimsikia akikohoa.

Nilimwomba mama mkwe aniulizie ni nini kitakachomridhisha. Alienda akarudi: ajue ni mnyama gani. Nilichana karatasi kwenye kopo tupu lililobaki kwangu, nikaenda kwa mwalimu wa shule ya kijiji, mtu mpole aliyekuwa na Kiingereza cha kumtosha. Alisoma polepole huku kidole kikifuata mstari. Nyama ya ng'ombe. Chumvi. Sukari. Hapo kidole kikasimama. Kulikuwa na neno la nne. Alilitamka mara kadhaa, kwa namna mbalimbali, kisha akanirudishia karatasi.

"Hili silijui, mama," alisema. "Sitaki kukudanganya."

Heri angenidanganya. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Angesema ni pilipili, angesema ni kitunguu, nani angebisha? Lakini alikuwa mtu mwaminifu, nami nikabeba uaminifu wake hadi nyumbani, nikaukabidhi wote kama ulivyo. Mama mkwe akaupeleka ndani. Nilisimama nje ya ua nikaisikia sauti ya mzee, tulivu, ikimjibu mkewe.

"Ng'ombe hatuna ugomvi naye. Hicho cha nne ni nini?"

Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kusimulia kama angekuwa mbaya. Alimpenda yule mtoto, alimchongea kigari cha mti, na alitaka kujua anachopewa. Mtu yeyote mwenye akili angeuliza vilevile. Tatizo ni kwamba mtoto hakuwa na nafasi ya kungoja maswali yenye akili. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba tena, na kilio chake, kile nilichokicheka kwa furaha, kilikuwa kinapungua kila siku hadi kikawa mguno.

Nikapiga moyo konde nikaenda Tunduma. Nilimwacha mtoto kwa wifi yangu, maana kubebwa jua zima kungemmaliza, na tumbo langu lenyewe lilikuwa limeanza kuwa zito. Ilikuwa safari ya kulala njiani. Nilitembea huku karatasi imefungwa kwenye pindo la nguo, na kila nilipokutana na mtu aliyevaa viatu nilimsimamisha nikamwonyesha. Wengine walicheka. Mmoja aliishika juu chini, akaitazama kwa uzito, akasema ni habari za serikali. Nilikuwa tayari kumpigia magoti mtu yeyote aliyejua kusoma.

Pale Tunduma, karibu na kizuizi cha mpaka, palikuwa na duka la Mhindi mmoja. Aliuza chumvi, sabuni, kaniki na misumari. Nyama ya kopo hakuwa nayo, na alisema mwenyewe dini yake haimruhusu kuila. Lakini aliisoma karatasi mara moja tu, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Hii shura, mama," alisema. "Chumvi nyeupe. Mchinjaji anatia kidogo sana, ncha ya kisu. Nyama haiozi upesi, na ukipika inabaki nyekundu. Ndiyo kazi yake."

Nikamuuliza kama inaua. Akasema kwa kipimo kile hapana, watu wanaila kila siku kutoka huku hadi Ulaya. Nikamuuliza tena kama ndiyo hiyo hasa inayoifanya iwe nyekundu hata ikichemshwa mchana kutwa. Akasema ndiyo, ndiyo hiyo, hakuna uchawi. Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mwanamume asiye wangu, na nikatoka dukani bila kuaga vizuri. Nilikuwa nimekijua kitu cha nne. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalirudia neno lile nisije nikalidondosha. Shura, shura. Nilikuwa nalijua, lakini kwa mbali, kama mtu unayemwona sokoni ukashindwa kukumbuka mmekutana wapi.

Nilikumbuka nilipoingia uani. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mama mkwe, hatua chache kutoka mlango wa mzee, kwa sauti ya ushindi, kwamba kitu cha nne ni shura tu. Na kabla sijafunga mdomo niliuona uso wake.

"Baruti," alisema.

Baba mkwe alikuwa mwindaji wa gobore. Baruti yake aliitengeneza mwenyewe. Alikwangua udongo kwenye mapango ya popo, akauchuja kwa maji, akachemsha maji hayo nyuma ya nyumba hadi yakaacha chembe nyeupe, kisha akazitwanga pamoja na makaa na kiberiti. Zile chembe nyeupe ndizo shura. Watoto wa nyumba ile walichapwa wakizikaribia. Kulikuwa na mtu wa ukoo aliyepotelewa na vidole vitatu kwa sababu ya shura hiyo. Nami nilikuwa nimetembea hadi Tunduma na mimba yangu ili nirudi niwaambie kwamba nyama ninayomlisha mjukuu wao ina kitu kilekile kinachorusha risasi.

Mama mkwe aliweka mikono kichwani. Alisema polepole, kwa uchungu, kwamba sasa anaelewa kwa nini mtoto anaungua ngozi. Na ukitazama ile ngozi iliyobabuka, ilionekana hasa kama iliyoungua. Kila kitu kilikaa mahali pake. Ukweli wangu uliwatosha kabisa, ila uliwatosha upande usiofaa.

Hapo nilifanya jambo ambalo mama yangu mzazi angelia kulisikia. Nilikuwa nimemwona mzee mara nyingi kupitia mianya ya ua, akiwa amenipa mgongo juu ya chungu chake cha shura. Nilijua alivyopima kama imekuwa safi. Alichukua chembe kwa kidole akaiweka kwenye ulimi, akangoja ubaridi wake, akaimeza. Alifanya hivyo tangu ujana wake. Nikapita mbele ya mama mkwe, nikasimama mlangoni pake, nikamtazama usoni, uso niliokuwa siujui, mwembamba na wenye ndevu nyeupe chache, nikasema naye.

"Baba, hiyo shura wewe unailamba."

Wifi yangu, aliyekuwa na mtoto wangu mgongoni, aligeuka akatazama ukuta. Mama mkwe alinishika bega, akaliacha. Mzee aliinamisha macho haraka, kunisitiri mimi zaidi kuliko kujisitiri yeye, na alipojibu alimjibu mkewe.

"Mwambie aliyesema kwamba nimesikia."

Akafikiri. Niliona kwamba anafikiri kwa haki, kama alivyofanya akiwa anaamua kesi za mipaka ya mashamba. Kisha akatoa uamuzi wake. Yeye hulamba chembe, hali kipande. Basi ataila nyama hiyo yeye mwenyewe, kila siku, mbele ya mkewe. Mwezi huu ukifa na mwingine ukiandama, na ngozi yake ikiwa haijatoka doa wala nywele zake hazijageuka, mtoto atapewa. Kila mtu alikubali kwamba hiyo ni haki, hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko nilivyostahili kuomba. Mzee alikuwa ameamua kuweka mwili wake mwenyewe mbele ya mjukuu. Nani mwingine angefanya hivyo?

Mwezi ulikuwa umeanza tu kupungua.

Sijui kama kuna mtu anayeweza kuelewa siku zile bila kuzipitia. Kila adhuhuri nilisikia bati likikatika nyumbani kwa mzee. Nilinusa harufu ile. Aliila bila kuipenda, mama mkwe aliniambia, akitema mate baadaye, anaila kama dawa. Na mimi nilikuwa ng'ambo ya ua na mtoto mapajani, nikimpa uji wa ulezi unaomtoka pembeni ya mdomo. Niliomba. Nilimwomba Mungu wa misheni, na aliponyamaza nikawaomba wazee wa kwetu milimani, ambao hawakujua hata mahali nilipo. Nilitamani mwezi ufe haraka. Nilitoka nje kuutazama alfajiri ukiwa bado umening'inia magharibi, nikaona umekonda kidogo tu, nikautukana.

Siku moja wakwe walikwenda shambani wote wawili. Niliingia nyumbani mwa mzee. Sanduku lilikuwa darini, nikapanda juu ya kinu, nikachukua kopo moja. Ufunguo haukuwapo, mzee alitembea nao, umefungwa kwenye kamba ya kisu chake. Nikalipeleka kopo nyuma ya nyumba yangu nikalipasua kwa jembe. Bati lilinikata kiganja, kovu lake ninalo. Nilipata nyama iliyochanganyika na mchanga na damu yangu, nikaichambua, nikaiponda laini kabisa, laini kuliko nilivyowahi kuiponda, nikaipeleka mdomoni kwake.

Aligeuza uso. Nikajaribu tena. Akafunga mdomo, si kwa ukaidi, ukaidi ningeushukuru. Alikuwa amechoka tu. Nilimfumbua midomo nikamwekea kidogo juu ya ulimi, na kile kidogo kikakaa pale, hakukimeza wala hakukitema. Nikakitoa kwa kidole. Nilimwambia maneno mengi ambayo sitayaandika.

Mwezi mpya uliandama jioni, mwembamba sana, juu ya miti ya upande wa Rodesia. Watu walitoka kuutazama. Baba mkwe naye alitoka, akavua shati lake uani mbele ya wote, akageuka huku na huku waone mgongo na kifua chake. Hakuwa na doa. Alikuwa hata amenawiri. Nilimtazama, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuvunja lile la kutomtazama, na nikamwona anafurahi kama mtu aliyeshinda jambo kwa niaba ya mwingine.

"Nyama ni safi," alisema. "Mleteni mtoto."

Mtoto alikuwa amelala ndani. Wifi yangu alikwenda kumchukua. Alikawia, na alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, na hakuna aliyehitaji kumuuliza.

Tulimzika siku ya pili, upande wa migomba. Mtoto mdogo hakuwekewa msiba mrefu, lakini watu walikuja, wa ukoo na wa kanisani, na mwalimu alikuja, akakaa mbali, akaniepuka macho. Waliokuja wanahitaji kula. Hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na mbuzi. Kuku hawakutosha kundi lile. Baba mkwe akawaambia wanawake waende darini.

Nilikaa juu ya mkeka nikasikiliza bati likikatika, kopo baada ya kopo. Ufunguo ulikuwa unazunguka mkononi mwa mama mkwe na alikuwa anaufahamu vizuri sasa. Waliipika kwa chungu kikubwa. Ilichemka ikatoa harufu yake, na haikubadilika rangi, na hakuna aliyeuliza ni mnyama gani wala ni sehemu gani. Wazee walipewa, wanaume wakapewa. Nilimsikia mtu akisema ni tamu, na mwenzake akamnyamazisha kwa sababu yangu.

Nimejaribu kuwachukia watu wale na sijawahi kufanikiwa vizuri. Walitaka kujua. Nami nilitaka wajue, nikawatafutia jibu mpaka Tunduma, nikalipata, na lilikuwa jibu la kweli. Baadaye nilijifunza kusoma kanisani, nikiwa mtu mzima, na nasoma maandishi madogo ya kila kopo linaloingia nyumbani kwangu hadi wajukuu wananicheka. Wanadhani naogopa vitu vilivyomo.

Mama mkwe alikuja kwenye mkeka wangu mwisho, wanawake wengine wakiwa wameshapewa. Alipiga magoti, yeye mkubwa mbele yangu mdogo, akaweka sahani. Ilikuwa imejaa kuliko ya mtu yeyote. Alitazama tumbo langu, akatazama sahani, akaendelea kupiga magoti pale.

Mtoto wa pili alikuwa amejigeuza tumboni asubuhi ile, nilimsikia wakati wanafukia. Nikanawa mkono wenye kidonda. Nikamega ugali, nikachovya, nikaweka mdomoni. Niliutafuta ule ubaridi wa shura kwenye ulimi na sikuupata. Ilikuwa nyama ya ng'ombe, yenye chumvi nyingi. Nikaila yote.